Kodi ya mshahara ikishushwa, nani hasa anafaidika? Njooni tupige hesabu

Kalamu ya Mlandege (mleta uzi)

Assalaam aleikum wana jamvi.

Kila ikikaribia Mei Mosi, na kila mwezi wa Juni bajeti inaposomwa Dodoma, gumzo la barazani huwa ni lile lile: PAYE, hii kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, watashusha au hawashushi? Ikishushwa hata asilimia moja, watu hupeana mikono kama waliotoka kuswali Idi. Mie kazi yangu ni kuandaa mishahara ya kampuni moja yenye watu Unguja na Dar. Nikitizama kinachobaki kwenye slipu baada ya shangwe hizo, naona wengi wamefurahia kitu ambacho hakijawafikia.

Kabla hamjanirukia: hesabu zangu zote hapa ni za jedwali la Bara. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya 1977, na TRA, mamlaka ya mapato ya Muungano, ndiyo inayoikusanya kote. Lakini TRA imekuwa ikichapisha jedwali la Bara na la Zanzibar mbalimbali, kwa hiyo mwenye ajira hapa Visiwani achukue namna ya kupiga hesabu, asichukue tarakimu za kule akazibandika huku. La Bara nimelichagua makusudi. Lilibadilishwa miaka miwili mfululizo, 2020 na 2021, kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na ukiziweka hizo mbili upande kwa upande unaona nani kapewa nini.

Hadi Juni 2020 mshahara wa 170,000 kwa mwezi ulikuwa haukatwi kodi. Kutoka hapo hadi 360,000 unakatwa asilimia 9, hadi 540,000 asilimia 20, hadi 720,000 asilimia 25, na kinachozidi 720,000 asilimia 30.

Julai 2020 asilimia hazikuguswa. Kilichosogezwa ni mipaka. Kisichokatwa kikapanda hadi 270,000. Asilimia 9 ikafika 520,000, asilimia 20 ikafika 760,000, asilimia 25 ikafika 1,000,000, na ile 30 ikaanzia hapo.

Julai 2021 mipaka ikaachwa kama ilivyo, ila ile asilimia 9 ikawa 8. Hii ndiyo iliyotangazwa na Rais Samia Mwanza, Mei Mosi ya mwaka huo, na ndiyo iliyopigiwa makofi.

Sasa tuwachukue watu wanne. Tarakimu zao ni mshahara unaobaki baada ya mchango wa hifadhi ya jamii, maana kodi hukatwa baada ya huo.

Wa 300,000 alikuwa analipa kodi 11,700. Mabadiliko ya 2020 yakamfikisha 2,700. Ya 2021 yakamfikisha 2,400.

Wa 500,000: 45,100, kisha 20,700, kisha 18,400.

Wa 1,000,000: 182,100, kisha 130,500, kisha 128,000.

Wa 3,000,000: 782,100, kisha 730,500, kisha 728,000.

Yatizameni vizuri. Mabadiliko ya 2020, ambayo wengi hata hawayakumbuki, yalimpa wa 500,000 nafuu ya 24,400 kwa mwezi. Yale ya 2021 yakampa 2,300. Na wa 300,000 katika hayo ya 2021 kapata shilingi 300. Mia tatu, kwa mwezi mzima.

Nauliza: tulikuwa tunashangilia nini?

Mwana Wete

Kalamu, mie hapo kwa wa 3,000,000 ndipo palinishika. Kapata 51,600 mwaka 2020, sawa sawa na wa milioni moja? Nimeitoa mara mbili kwenye simu.

Kalamu ya Mlandege

Umepiga sawa. Kila aliyekuwa na milioni moja au zaidi alipata 51,600 ile ile, awe wa milioni moja au wa milioni ishirini. Mipaka yote iliyosogezwa haizidi milioni moja, na wote wamepita hapo hapo. Ukiigeuza kwa uzito: kwa wa milioni moja hiyo ni kama asilimia 5 ya mshahara, kwa wa milioni tatu haifiki 2, na kwa wa 300,000 aliyepata 9,000 ni asilimia 3. Aliyenufaika zaidi, kwa uzito wa mfuko wake, ni mtu wa katikati: mwalimu wa sekondari, muuguzi, karani wa benki.

Mchokozi wa Kikwajuni

Basi mwisho wa maneno, wakubwa wanapendelewa. Milioni tatu na yeye anapewa nafuu ya nini?

Maalim wa Chake

Mchokozi, hawakupewa kwa kupendelewa, ndivyo madaraja yalivyo. Watoto skuli nawafundisha hivi: panga mabeseni matano chini ya paa siku ya mvua. Maji yanajaza beseni la kwanza, likijaa yanamwagikia la pili, halafu la tatu. Mshahara ni hivyo hivyo. Kila mwenye milioni tatu kwanza amejaza beseni lile lile la 270,000 analojaza mhudumu wa ofisi. Ukilipanua beseni la chini umempanulia kila mtu ambaye maji yake yanapita hapo. Huwezi kumpunguzia wa 400,000 kwenye jedwali bila kumpunguzia na wa 4,000,000, labda uende juu ukapandishe asilimia ya beseni la mwisho ili ukirejeshe ulichompa.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Ukisikia mtu anataka ile 30 ishushwe iwe 25 "kuwapa nafuu wafanyakazi", muulize wafanyakazi gani. Wa milioni tatu angepata 100,000 kwa mwezi. Wa milioni moja hapati hata senti, wala aliye chini yake.

Kalamu ya Mlandege

Hapo Maalim umenimalizia. Kwa hiyo mie sisikilizi tena asilimia ngapi imeshushwa. Nauliza kwanza: limeguswa daraja lipi, na lina upana gani? Daraja la asilimia 8 kule Bara lina upana wa 250,000, kutoka 270,000 hadi 520,000. Asilimia moja ya 250,000 ni 2,500. Hapo ndipo mwisho wa nafuu yote ya 2021, kwa kila Mtanzania wa Bara, hata angekuwa mkurugenzi. Na kuipata 2,500 kamili lazima uwe umefika 520,000. Wenye mishahara midogo hawakuifikia.

Mwaka 2016 Magufuli alipoitoa kutoka 11 hadi 9 ilikuwa kelele kubwa zaidi, maana vyama vya wafanyakazi vilidai kodi ya tarakimu moja kwa miaka. Daraja lenyewe wakati huo lilikuwa na upana wa 190,000. Asilimia 2 ya hiyo ni 3,800. Sisemi 3,800 haina kazi, mchele wa mapembe unanunua. Nasema ukubwa wa tangazo na ukubwa wa pesa havikulingana.

Bi Mkubwa Ng'ambo

Nyinyi wataalamu, mie nina swali la mtu wa kawaida. Kijana wangu yuko Dar, mshahara wake wa kukatwa kodi ni 990,000. Bosi wake anataka kumpandisha afike 1,050,000. Wenzake wanamtia hofu, ati akipita milioni atakatwa asilimia 30 ya zote na atarudi nyumbani na pungufu kuliko sasa. Anataka kukataa. Nimwambie nini?

Sadifa wa Kariakoo

Bi Mkubwa shikamoo. Mwambie akubali leo leo kabla bosi hajabadilisha nia!

Kalamu ya Mlandege

Shikamoo Bi Mkubwa. Hofu hii nakutana nayo kila nyongeza zinapotoka, na inawanyima watu haki zao kwa mikono yao wenyewe. Asilimia 30 inashika kile kinachozidi milioni tu. Cha chini yake kinakatwa kama kilivyokuwa kinakatwa jana.

Kwa 990,000 analipa 68,000, ambayo ni kodi ya 760,000 za mwanzo, na robo ya 230,000 zilizobaki ambayo ni 57,500. Jumla 125,500. Anabaki na 864,500.

Kwa 1,050,000 analipa 128,000 za milioni ya mwanzo, na asilimia 30 ya zile 50,000, yaani 15,000. Jumla 143,000. Anabaki na 907,000.

Kaongezewa 60,000, serikali kachukua 17,500, yeye kabakiwa na 42,500. Hakuna mshahara hata mmoja kwenye jedwali hilo ambao ukipanda shilingi moja mkononi unashuka.

Pahala pa kuangalia ni kwengine. Kama ana kitu kinachotolewa kwa kufuata mshahara, mathalani kampuni inalipa nauli kwa walio chini ya milioni tu, hapo anaweza kupoteza. Lakini huo ni utaratibu wa kampuni, kodi haihusiki.

Bi Mkubwa Ng'ambo

Marahaba wanangu. Nimempelekea yote kama yalivyo. Allah akuzidishieni.

Chumvi ya Nungwi

Mie niko hotelini huku kaskazini, nimejaribu kupiga kwa hizo tarakimu zako na slipu yangu haikubali kabisa. Naibiwa?

Kalamu ya Mlandege

Chumvi, rudi juu usome tena aya ya pili. Wewe umeajiriwa Unguja na mie nimetumia jedwali la Bara. Mwombe mhasibu wako akuonyeshe jedwali la Zanzibar alilotumia, kisha fuata njia ile ile: toa mchango wa ZSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, gawa kilichobaki kwa madaraja, kata kila daraja kwa asilimia yake, jumlisha. Na usisahau posho. Kwa sisi wa kampuni binafsi posho ya nyumba na ya usafiri zinaingia kwenye mapato ya kukatwa kodi. Watu wengi hupiga hesabu ya mshahara mtupu halafu wakalaumu.

Mchokozi wa Kikwajuni

Hiyo ya posho iseme vizuri. Shemeji yangu yuko serikalini, ananiambia posho yake ya nyumba haikatwi.

Kalamu ya Mlandege

Kasema kweli. Sheria ya Kodi ya Mapato imezitoa posho kadhaa za mtumishi wa Serikali na taasisi zinazoendeshwa kwa ruzuku yake: ya nyumba, ya usafiri, ya madaraka, ya saa za ziada, ya mazingira magumu. Za kampuni binafsi hazimo. Kwa hiyo watu wawili wanaopokea jumla moja mwisho wa mwezi, mmoja ofisini serikalini na mmoja hotelini, wanaweza wasilipe kodi moja. Jambo hili halitajwi majukwaani hata siku moja, na kwangu mie lina uzito kuliko ile asilimia moja.

Mwana Wete

Mie nina mdogo wangu yuko dukani Kariakoo, analipwa 250,000. Naona kote humu hajatajwa.

Maalim wa Chake

Hajatajwa kwa sababu kwenye PAYE hayumo. Mwaka 2020 alitoka kabisa: kabla yake alikuwa analipa asilimia 9 ya 80,000, yaani 7,200. Tangu hapo ni sifuri, na ukishakuwa sifuri hakuna kushushwa tena. Serikali ikitangaza nafuu ya PAYE kwa miaka kumi, mdogo wako hapati kitu. Kodi yake yeye imo ndani ya sabuni, mafuta ya taa, vocha ya simu, sukari. Na huyo mwenye kipato kidogo anakula karibu kila anachopata, haweki, kwa hiyo kodi za bidhaa zinamshika kwenye pato lake karibu lote.

Akitaka nafuu adai mshahara wa chini upande. Hapo ndipo pake.

Sadifa wa Kariakoo

Na hata huo ukipanda, Maalim, kuna jambo. Mimi nililipwa 700,000 nilipoanza, sasa hivi nimeshapanda zaidi ya hapo, lakini nahisi niko pale pale. Vitu vimepanda, na kodi nayo naiona inakua kuliko mshahara.

Kalamu ya Mlandege

Hujakosea. Jedwali la Bara halikuguswa tangu Julai 2021 hadi bajeti ya 2024/25. Mipaka imelala, bei na mishahara inatembea.

Chukua mtu aliyekuwa na 700,000. Kodi yake 56,000, sawa na asilimia 8 ya mshahara. Kwa miaka kadhaa kaongezewa asilimia 20 ili afukuzane na bei tu, kafika 840,000. Kodi yake sasa 88,000, zaidi ya asilimia 10. Mshahara umepanda kwa asilimia 20, kodi kwa asilimia 57. Sokoni 840,000 zake zinanunua kile kile kilichonunuliwa na 700,000, lakini kwa macho ya jedwali huyu sasa ni tajiri kidogo, kavuka 760,000 na kuingia kwenye asilimia 25.

Hii ndiyo kodi inayopandishwa bila Bunge kukaa na bila waziri kusema neno. Na inawauma zaidi wale wa 400,000 hadi 1,200,000, kwa sababu madaraja yamebanana hapo. Wa milioni tano yuko kwenye 30 zamani, mipaka isiposogea anapoteza kitu kile kile anachopoteza wa milioni moja na nusu, na kwake ni kidogo.

Mchokozi wa Kikwajuni

Sasa wawakilishi wetu pale Chukwani wanafanya nini? Si walete mswada wasogeze mipaka?

Maalim wa Chake

Hawawezi yakhe. Kalamu keshasema juu, ni jambo la Muungano. Baraza la Wawakilishi linatunga sheria za kodi zisizo za Muungano, kama VAT ya hapa ambayo ina sheria yake na inakusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Kodi ya mapato inaamuliwa Dodoma. Ukitaka kumbana mtu, mbane mbunge wako, usimbane mwakilishi.

Mchokozi wa Kikwajuni

Mbunge wangu nimemuona mara ya mwisho kwenye karatasi ya kura.

Chumvi ya Nungwi

😂😂 Haya jamani. Ila mie naona nyote mnaongea kama kodi ni wizi. Barabara na madawa ya Mnazi Mmoja yanatoka wapi?

Kalamu ya Mlandege

Hapana aliyesema wizi, Chumvi. Mie nalipa na sina kinyongo. Nabisha juu ya nani anabebeshwa kiasi gani. Mwenye kupanga bajeti alikuwa na njia mbili mwaka 2021. Angeweza kushusha 9 kuwa 8, ikawapa wa juu 2,500 na wa 300,000 shilingi 300. Au angeiacha 9 na kuusogeza mpaka wa chini kutoka 270,000 hadi 300,000. Hapo kila mwenye 300,000 na kuendelea angepata 2,700 sawasawa, na wa 300,000 angetoka kabisa kwenye kodi. Kwa hazina hakuna tofauti kubwa kwa walio juu, shilingi 200 kila mtu. Kwa wa chini ni tofauti ya mbingu na ardhi. Lakini "tumeshusha asilimia" inasikika vizuri kwenye spika kuliko "tumesogeza mpaka".

Sadifa wa Kariakoo

Kalamu, nimechukua slipu yangu nikapiga kwa njia yako. Mshahara 1,200,000 mtupu, sina posho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Bara, wamekata 120,000. PAYE wameandika 188,000. Mimi napata 152,000. Nimekosea wapi?

Kalamu ya Mlandege

Hujakosea mahali, dada yangu. Toa 120,000 kwanza, inabaki 1,080,000. Kodi yake ni 128,000 na asilimia 30 ya 80,000, ambayo ni 24,000. Jumla 152,000 kama ulivyopata.

188,000 inapatikana ukipiga kodi kwenye 1,200,000 nzima, yaani aliyeandaa kakata kodi kabla ya kutoa mchango wa NSSF. Huo mchango sheria inautoa kwanza. Wanakukata 36,000 za ziada kila mwezi, zaidi ya mara kumi na nne ya ile nafuu ya 2021.

Nenda kwa mhasibu na slipu yako mkononi, kwa adabu, usianze na maneno ya wizi. Mara nyingi ni fomula kwenye kompyuta imewekwa na mtu aliyeondoka zamani, na kila aliyekuja baadaye kaikuta. Kodi ya mwezi hupelekwa TRA ndani ya siku saba za mwezi unaofuata, kwa hiyo ya miezi iliyopita imeshakwenda na kuirejesha kuna safari yake. Anza na kuisimamisha ya mwezi huu. Na uliza wenzako wa ofisi moja, kama wewe umekatwa hivyo basi wote mmekatwa.

Sadifa wa Kariakoo

Tuko kumi na moja. Nimeshawatumia kwenye grupu, wawili tayari wamejibu: vile vile.

Bi Mkubwa Ng'ambo

Kalamu, na ya kijana wangu je, nayo ipigwe tena? Nitamwambia anitumie picha ya slipu.